Dawa Iandaliwayo Kabla ya Kung'atwa



Magonjwa mengi hutupa nafasi ya kutafuta dawa baada ya kuugua. Mtoto akishikwa na homa, mama humpeleka kituo cha afya, damu hupimwa, vidonge hutolewa, na kama havipo hapa, kesho vitapatikana mjini. Sumu haitoi nafasi hiyo. Mtu anapong'atwa na nyoka, au katika nchi nyingine na buibui mkali, dawa yake lazima iwe imekwisha kutengenezwa, imekwisha kusafirishwa na imekwisha kuwekwa karibu naye, kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba ataihitaji. Wakati wa kilio si wakati wa kuanza kuitengeneza.

Jambo hili nimelifikiri kwa muda mrefu kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni muuguzi. Nimehudumu miaka mingi katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya uwanda wa Ruzizi, kati ya mashamba ya mpunga, miwa na mihogo. Nataka tutafakari pamoja swali moja: anayeokolewa na sumu, huokolewa na nani hasa? Ili tujibu vizuri, naomba kwanza mnifuate mbali, hadi Australia, kwa sababu huko yupo buibui ambaye habari yake inalijibu swali hili waziwazi kuliko nyingine zote nilizosoma katika vitabu vya kazi yangu. Kisha tutarudi kwetu, ambako jibu ni chungu zaidi.

Buibui wa Sydney

Pande za mji wa Sydney anaishi buibui mweusi anayeng'aa, ambaye wataalamu humwita Atrax robustus. Huchimba shimo mahali penye unyevu, chini ya mawe na magogo, na mlangoni hutandaza utando uliopanuka kama mdomo wa tarumbeta. Jike hukaa shimoni karibu maisha yake yote. Dume akishakomaa hutoka usiku kumtafuta jike, hasa katika miezi ya joto, na ndiye aingiaye nyumbani mwa watu na kujificha ndani ya kiatu au chini ya nguo zilizoachwa sakafuni. Na sumu ya dume ni kali kuliko ya jike.

Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Katika hali ya kawaida mshipa wa fahamu hutuma ujumbe wake, kisha hutulia; sumu hii huuzuia kutulia. Ndiyo maana aliyeng'atwa huona misuli yake ikicheza yenyewe, jasho, mate na machozi yakimtiririka bila kukoma, moyo ukienda mbio, shinikizo la damu likipanda, na mwishowe mapafu yakijaa maji. Mtoto mdogo aliweza kufa kabla ya saa moja kupita. Kati ya mwaka 1927 na 1980 viliandikwa vifo 13 vilivyoletwa na buibui huyo. Waganga wa siku zile waliweza kumsaidia mgonjwa kupumua na kumpa dawa za kutuliza moyo, lakini sumu yenyewe hawakuwa na njia ya kuikamata.

Njia ya kuikamata sumu ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1894, wakati wataalamu wa Ufaransa, akiwamo Albert Calmette, walipoonyesha kwamba mnyama akidungwa sumu ya nyoka kidogo kidogo, damu yake hujifunza kuipinga, na maji ya damu hiyo yanaweza kumkinga mwingine. Lakini kujua njia si kufika. Mwaka 1956 daktari Saul Wiener alipata, huko Melbourne, dawa ya buibui mwingine wa nchi hiyo, yule mwenye mstari mwekundu mgongoni. Alijaribu pia kupata dawa ya buibui wa Sydney, asifaulu. Miaka ikapita, na watoto wakaendelea kufa.

Aliyefaulu ni daktari Struan Sutherland, wa maabara ya seramu ya serikali mjini Melbourne, baada ya miaka mingi ya kujaribu na kushindwa. Jambo moja la ajabu lilimsaidia. Sumu ya buibui huyu humdhuru vibaya binadamu na jamaa ya nyani, lakini mbwa, paka na sungura huistahimili. Sutherland alitumia sungura. Aliwadunga sumu kwa kiasi kidogo, akaongeza polepole, mpaka damu yao ikawa na kinga ya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 1980 dawa ilikuwa tayari. Mwezi Januari 1981 mtu mmoja aliyeng'atwa alifikishwa katika hospitali ya Royal North Shore mjini Sydney, akatibiwa na daktari Malcolm Fisher. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kupewa dawa hiyo, naye akapona. Tangu siku hiyo hakuna kifo hata kimoja kilichothibitishwa kuwa kimeletwa na buibui huyo.

Sasa angalieni jinsi dawa hiyo inavyopatikana, maana hapa ndipo penye fundisho. Ili sungura wadungwe sumu, sumu lazima iwepo. Na ili sumu iwepo, lazima buibui wakamatwe wakiwa hai. Kazi hiyo hufanywa na wananchi wa kawaida. Mwenye nyumba akimwona buibui yule sakafuni, badala ya kumponda kwa kiatu humfunika kwa chupa yenye mdomo mpana, hufunga kifuniko, na kumpeleka mahali pa kukusanyia. Kutoka huko buibui hufikishwa kwenye hifadhi ya wanyama iitwayo Australian Reptile Park, kaskazini ya Sydney. Wafanyakazi wa hifadhi humchokoza mpaka ainue meno yake, kisha huyanyonya matone ya sumu kwa mrija mwembamba wa kioo. Tone la buibui mmoja ni dogo mno. Lazima wakusanywe wengi, na kila mmoja akamuliwe mara kwa mara, ili dozi za mgonjwa mmoja zipatikane.

Fikirini juu ya mtu yule mwenye chupa. Anaogopa, kama sisi tungeogopa. Hajui ni nani atakayetibiwa kwa tone analolipeleka: pengine mtoto ambaye bado hajazaliwa. Hapati fedha. Hataambiwa jina la aliyepona. Baada yake yupo mkamuaji, yupo mlinzi wa sungura, yupo fundi wa maabara, yupo dereva, yupo muuguzi anayehesabu chupa katika friji na kuangalia tarehe za mwisho. Mmoja wao akiacha kazi yake, mgonjwa atakufa huku daktari hodari amesimama kando yake. Basi, anayeokolewa na sumu huokolewa na mnyororo wa watu, na wengi wao hawatamwona kamwe.

Kitandani kwa mgonjwa

Kazi ya chumba cha dharura ni pete ya mwisho ya mnyororo huo, nayo ina masharti yake. Dawa ya kupinga sumu hutiwa polepole katika mshipa. Kwa kuwa imetoka katika damu ya mnyama, mwili wa mgonjwa unaweza kuikataa ghafla: ngozi huwasha, koo huziba, shinikizo la damu huanguka. Kwa hiyo muuguzi haondoki kando ya kitanda, na sindano ya adrenalini huwa tayari kabla ya dawa yenyewe kufunguliwa.

Tena, mtoto hupewa kiasi kilekile anachopewa mtu mzima. Wanafunzi wa uuguzi hushangaa wanapolisikia jambo hili mara ya kwanza, maana tumezoea kupima dawa kwa kilo za mgonjwa. Lakini dawa hii haipigani na mwili. Hupigana na sumu, na buibui au nyoka hatoi sumu kidogo kwa kumhurumia aliye mdogo.

Sharti la tatu ni kwamba dawa ya sumu hii si dawa ya sumu ile. Daktari Vital Brazil alilithibitisha jambo hilo mjini São Paulo zaidi ya miaka 100 iliyopita: seramu iliyotengenezwa kwa sumu ya swila wa Asia haikuwasaidia wakulima wa Brazili waliong'atwa na nyoka wa kwao. Kila nchi lazima imjue adui wake mwenyewe.

Mkebe wa nyanya

Usiku mmoja wa majira ya mvua mama mmoja alifika hospitalini kwetu na mwanawe wa miaka 6 mgongoni. Mtoto alilia akishika mkono uliovimba. Nyuma yao alikuja mjomba wake amebeba mkebe wa nyanya uliofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake alikuwamo buibui wa kahawia, amepondwa nusu.

“Muganga,” mama alisema, “huyu ndiye aliyemng'ata. Mpe mtoto seramu.”

Ninyi mnajua kwamba kwetu neno seramu humaanisha ile chupa ya maji inayoning'inizwa juu ya kitanda na kushuka tone kwa tone. Mama alikuwa akiomba chupa ile, kwa kuwa ndiyo alama ya matibabu makubwa anayoijua.

Tulimlaza mtoto, tukamwangalia. Wapo buibui weusi wa kusini mwa Afrika ambao jino lao huleta maumivu yanayopanda kutoka kidoleni hadi kifuani, jasho jingi na tumbo gumu kama ubao. Dawa yao hutengenezwa Afrika Kusini kwa damu ya farasi. Kwa mtoto yule tulitafuta dalili hizo moja baada ya nyingine. Tumbo lilikuwa laini. Jasho halikuwapo. Alipumua vizuri, akatutazama kwa macho makavu ya hasira. Tukaosha mahali palipong'atwa kwa maji na sabuni, tukaweka kitambaa cha maji baridi, tukampa parasetamoli, tukaangalia kadi yake ya chanjo kwa ajili ya pepopunda. Kisha tukamlaza kwetu mpaka asubuhi, na kila nusu saa nilipima mapigo ya moyo wake. Kulipokucha uvimbe ulikuwa umeshuka, naye aliomba uji.

“Mmempa seramu gani?” mama aliniuliza.

“Mama, hatukumpa seramu. Tulimchunga.”

Alinitazama kama mtu anayedhani kwamba amenyimwa kitu kwa sababu ya umaskini wake. Nikakaa naye ukingoni mwa kitanda, nikamweleza. Buibui wengi wa nyumbani mwetu hawana sumu ya kumwua mtu. Maumivu yao huisha yenyewe. Hata vidonda vingi vinavyoletwa kwetu vikiitwa vidonda vya buibui ni majipu tu, ambayo huhitaji kupasuliwa na kusafishwa. Na kumtia mtoto dawa isiyolingana na sumu yake ni kumpa hatari ya dawa bila faida yake.

Waganga wa Australia wenyewe wamejifunza unyenyekevu huo. Ile dawa ya buibui mwenye mstari mwekundu ilitumika kwa miaka zaidi ya 50, na kila mtu aliamini kwamba huondoa maumivu. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 224: wote walipewa dawa za kutuliza maumivu, kisha nusu waliongezewa dawa ya kupinga sumu na nusu maji tu, wala hawakuambiwa nani amepata nini. Tofauti kati yao haikuwa ya kutosha kusema kwamba dawa ile imewasaidia. Haikuwa aibu kwao kulitangaza jambo hilo. Ilikuwa heshima kwa wagonjwa. Kuandaa dawa ni upendo, na kuipima kama kweli inafaa ni upendo pia.

Mama aliondoka na mwanawe, sijui kama alinisadiki kabisa. Lakini shaka yake haikuwa ya bure. Watu wetu wananyimwa kweli dawa ya kupinga sumu. Ila si ile ya buibui. Ni ile ya nyoka.

Ipo duniani, lakini haipo hapa

Miezi michache baadaye aliletwa kijana wa miaka 24, mkulima wa mpunga. Kifutu alimng'ata mguuni jioni alipokwenda kufungulia maji shambani, bila viatu. Jamaa zake walimpeleka kwanza kwa mzee mmoja aliyemchanja kwa wembe, akamfunga kamba chini ya goti na kubandika jiwe jeusi. Jiwe hilo mnalijua. Limeenea sana katika nchi yetu, hata baadhi ya misioni zilikuwa zikiligawa kwa nia njema. Hunata juu ya kidonda, na watu husema linanyonya sumu. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonyesha kwamba halipunguzi sumu hata kidogo. Lilimpotezea kijana yule usiku mmoja na mchana mzima.

Alipofika kwetu kwa pikipiki, mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, na ngozi imejaa malengelenge meusi. Tulifungua kamba kwa uangalifu, tukampa dawa za maumivu na maji ya mshipani, tukatafuta gari la kumpeleka mjini. Dawa ya kupinga sumu ya kifutu hatukuwa nayo. Kaka yake mkubwa, aliyeuza mbuzi wawili njiani ili apate fedha za matibabu, alinifuata mpaka chumba cha dawa.

“Muganga, dawa ya jino hili ipo duniani, au haipo?”

“Ipo.”

“Basi, iko wapi?”

Nilimfungulia mlango wa friji. Aliziona chanjo za watoto zimepangwa vizuri, na nafasi tupu chini yake. Hakusema neno tena. Mjini nako dawa haikupatikana. Baada ya wiki moja mguu ulikatwa chini ya goti.

Nimekwisha kuwaeleza jinsi mnyororo wa Sydney unavyofungamana. Wetu ulikatika wapi? Ilikuwapo dawa nzuri, iliyopinga sumu za nyoka 10 wa Afrika, iliyotengenezwa Ufaransa. Mwaka 2014 watengenezaji waliacha kuitengeneza, na chupa za mwisho zilifikia mwisho wa muda wake mwezi Juni 2016. Haikuachwa kwa sababu ilikuwa mbaya. Iliachwa kwa sababu haikuleta faida: waliohitaji zaidi walikuwa wakulima wasio na fedha, na serikali zao ziliagiza kidogo. Watengenezaji wengine wapo, katika Afrika Kusini, Mexico, Costa Rica na India. Lakini dawa ni ghali, nyingi huhitaji baridi, na masoko ya Afrika yamewahi kuuziwa hata dawa za nyoka wa Asia, zisizofaa kitu kwa nyoka wetu. Vital Brazil angesikitika.

Shirika la Afya Duniani, yaani OMS, linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na huwaachia ulemavu wengine wengi zaidi. Ni mwaka 2017 tu ndipo shirika hilo lilipoliweka jino la nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kabla ya mwaka 2030.

Linganisheni. Vifo 13 katika miaka zaidi ya 50 vilitosha ili nchi moja isitulie mpaka dawa ipatikane, na ili raia wake wakubali kubeba buibui katika chupa. Sisemi hivi kwa wivu. Kila mmoja wa wale 13 alistahili juhudi hiyo yote. Nasema hivi ili tuone tofauti iko wapi. Sumu ya kifutu si ngumu kupingwa kuliko sumu ya buibui wa Sydney. Elimu yake imejulikana tangu zamani za babu zetu. Tofauti ni kwamba kule waling'atwa watu ambao wengine waliwahesabu kuwa wao. Huku waling'atwa watu wa mashambani, wasiosikika.

Yaliyo mikononi mwetu

Mtaniuliza: sisi vijana wa parokia tutafanya nini? Hatuna maabara wala sungura. Ni kweli. Lakini mnyororo una pete nyingi, na baadhi ya pete zake hazihitaji maabara.

Pete ya kwanza ni kuzuia. Viatu vilivyofunika mguu wakati wa kwenda shambani, tochi usiku, chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, kukung'uta viatu na nguo kabla ya kuvaa, kufyeka majani karibu na nyumba, kutolundika kuni ukutani. Hayo yanafaa kwa nyoka, kwa nge na kwa buibui.

Pete ya pili ni saa za kwanza. Aliyeng'atwa alazwe, atulizwe, asitembee wala kukimbia. Pete na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujazibana. Mguu au mkono ufungiwe mbao kama uliovunjika, ili usichezeshwe. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba, asibandikwe jiwe, asipewe pombe. Australia humfunga aliyeng'atwa bendeji pana na ngumu tangu vidoleni hadi juu, na kwa buibui wao inafaa. Kwetu, ambako nyoka wengi huozesha nyama, kubana hivyo kunaweza kuongeza madhara. Msimfukuze nyoka ili kumwua. Kumbukeni tu rangi yake, urefu wake na saa aliyong'ata. Kisha mgonjwa apelekwe hospitalini upesi, kwa kipoyi au kwa pikipiki, akiwa katikati ya dereva na mtu wa kumshika.

Pete ya tatu ni kuuliza. Kila eneo la afya lina kamati yake, CODESA, ambamo wananchi wana sauti. Ni haki yenu kuuliza: je, hospitali yetu ina dawa ya kupinga sumu? Ya nyoka gani? Itafikia lini mwisho wa muda wake? Kama haipo, iliyo karibu iko wapi, na barabara yake ikoje usiku? Je, watu wanaong'atwa huandikwa katika daftari? Maana wasioandikwa hawahesabiwi, na wasiohesabiwa hawaagiziwi dawa. Daftari lililoandikwa vizuri katika kituo kidogo cha afya linaweza kuwa ile chupa ya buibui: kitu kidogo kinachobebwa na mtu asiyejulikana, kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua.

Kikundi kimoja cha vijana wa kwetu kimekwisha kuanza. Wametengeneza kipoyi cha mianzi na turubai, kinachokaa nyumbani kwa mwenyekiti wao, nyumba iliyo karibu na barabara. Wameandika namba za simu za wenye pikipiki wanne wanaokubali kuamshwa usiku. Kila mwezi wa nane, kabla ya mvua, hupita mashambani kufundisha. Kijana yule aliyekatwa mguu hufuatana nao. Hasemi mengi. Huketi, hunyoosha mguu wa mbao mbele ya wenzake, na kuwaambia siku mbili alizozipoteza zilipitia wapi.

Mwaka jana walimbeba mwanamke mmoja kutoka shambani hadi hospitalini kwa saa mbili. Dawa hatukuwa nayo bado. Lakini alifika mapema, hajachanjwa, hajafungwa kamba, na mjini safari hiyo zilipatikana chupa mbili. Mguu wake upo. Aliporudi aliwauliza vijana wale ni nani kati yao aliyekuwa mbele ya kipoyi usiku ule, ili amshukuru. Walitazamana, kwa maana walikuwa wamepokezana mara nyingi, wala hakuna aliyekumbuka.